Wapangaji wa Tsuma

Nyumba ilikuwa nzuri mno, na hilo ndilo lililomtia Mbodze shaka.

Ilikuwa ndani ya kichochoro cha Mji wa Kale: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, kisima uani. Tsuma, dalali aliyekuwa akiiuza, alisema vyumba vyote vina watu na wote hulipa bila kusukumwa. Iliuzwa bila ardhi, kama nyumba nyingi za kisiwani. Ardhi ina mwenyewe, naye hulipwa kodi ya kiwanja. Benki haikutaka kusikia habari ya nyumba isiyo na hati ya ardhi. Akiba ya miaka yote ya kufagia madarasa kule Kizingo haikutosha, ila chama cha akiba na mikopo kilikubali kumwongezea. Wadhamini wake walikuwa Tsofa na Mwende, wenzake wa ufagio. Kodi za wapangaji ndizo zingelipa mkopo. Zisipoingia, wale wawili wangekatwa mishahara.

"Haya mama, waulize mwenyewe," Tsuma akasema. Akaketi barazani, mgongo nje, sikio ndani.

Wapangaji wakatoka vyumbani kumwamkia.

"Paa halivuji?"

"Halivuji."

"Maji?"

"Tele."

"Na mwenye nyumba je?"

"Huyo ni baba mzazi," akajibu kijana mmoja, na mwenzake akamkanyaga mguu.

Mbodze alikuwa mpangaji maisha yake yote. Hajapata kuona nyumba nzima isiyo na mtu wa kunung'unika. Akamgeukia mwanamke mmoja aitwaye Rispah, ambaye leso yake ilinukia mafuta ya kukaangia.

"Umekaa hapa siku nyingi, mwanangu?"

"Miaka mitatu, mama." Alijibu akitazama sakafu.

"Nionyeshe choo basi. Nimetoka mbali."

Uani palikuwa na utelezi. Rispah akamshika mkono, akaenda naye taratibu, akafungua mlango. Magunia ya makaa. Akafungua wa pili. Ngazi iliyovunjika.

"Miaka mitatu," Mbodze akasema, "na choo hukijui."

"Kiko kule mwisho," Rispah akanong'ona. "Nilikiona tulipoletwa asubuhi. Mimi nauza muhogo Feri, mama. Mdomo wangu umelipiwa. Mikono haikulipiwa."

Mbodze akatoka hadi barazani. Tsuma akasimama.

"Usichelewe kufikiri, mama. Kuna bwana ana arubuni mfukoni."

"Mwambie aufunge vizuri huo mfuko."

Njiani shaka ikageuka upande wa pili. Huenda huyo bwana wa arubuni ndiye aliyemtuma Rispah amtishe, apate kuinunua yeye. Mtu asiyemjua angemhurumia kwa nini?

Jumamosi, saa ya watu kupika, akarudi bila kumwambia mtu. Mlango wa mbele ulikuwa umerudishwa tu, bila kufungwa. Vyumba sita, kufuli sita. Hapakuwa na jiko lililowashwa wala ndara mlangoni, na kamba ya nguo ilikuwa tupu. Alisimama ukumbini akashusha pumzi kwa ajili ya Tsofa na Mwende, kisha akaona haya: hata asante hakumwambia yule mwanamke.

Akashuka Feri. Rispah alipomwona, mwiko ukasimama ndani ya karai.

"Shikamoo, mama. Umenunua?"

"Marahaba. Sijanunua, na sinunui. Nimekuja kukushukuru."

Rispah akamchagulia vipande vilivyoiva vizuri, akavitia chumvi, pilipili na ndimu, akamsogezea debe aketi.

"Tsuma akikuuliza je?"

"Nitamwambia choo nilikijua asubuhi ile tu. Si uongo."

"Na wewe hasa wakaa wapi, mwanangu?"

"Nimepanga chumba Kibarani. Kinavuja, mama, maji hayaji, na mwenye nyumba hodi zake ni za kuvunja mlango."

Mbodze akacheka hadi akaweka muhogo chini.

"Sasa nimempata mpangaji," akasema. "Imebaki nyumba."