Chewa wa Kitindamimba

Kitindamimba alikuwa msichana wa kusema kweli hata pale uongo mdogo ungemwokoa, ndiyo maana neno la mwalimu wa kuzamia lilimchoma hadi mfupani.

"Unapika hesabu," mwalimu alimwambia mbele ya wanafunzi wenzake waliotoka kila pembe ya dunia. "Samaki chewa kumi na wawili kwenye utepe mmoja? Mimi nimepita hapohapo, nimeona mmoja."

Kazi yenyewe ni nyepesi kuisimulia. Utepe wa kupimia unatandazwa chini ya bahari kando ya matumbawe. Mwanafunzi anaogelea juu yake polepole, mtungi wa hewa mgongoni na mapezi ya mpira miguuni, na kila samaki anayemwona mbele yake anamwandika kwenye kibao. Wa nyuma hahesabiwi. Mwenzake yuko pembeni, macho kwenye kibao chake mwenyewe. Mwalimu ametangulia kuhesabu, na hesabu zikipishana sana, mwanafunzi hana lake. Za Kitindamimba zilikuwa zimepishana mara mbili. Zikipishana tena angepelekwa maabara ya nchi kavu akaoshe chupa mpaka muhula uishe, na jamani, mtu havuki bahari ili akaoshe chupa.

Jioni alimpigia mama yake, fundi cherehani mwenye sauti isiyohitaji simu.

"Mama, wanasema naongeza samaki."

"Wewe? Wewe ulikuwa ukilamba sukari unakuja kujishtaki mwenyewe! Waambie waniulize mimi."

"Ila nawaona kweli, mama. Wanakuja mbele yangu wananikodolea macho."

"Basi andika unachokiona, mwanangu. Njia ya mwongo ni fupi. Yako ndefu, wewe tembea tu."

Safari ya tatu mwalimu alimwekea mlinzi wa kumfuata nyuma, mwanafunzi mwenzao mrefu waliyemwita Mlingoti. Mlingoti alishuka majini na uso wa askari.

Kitindamimba akaogelea juu ya utepe. Chewa. Akasimama, akaandika. Akasogea kidogo, chewa tena! Alijua kila alama inamsogeza kwenye zile chupa. Angeweza kuacha kuandika. Hakuacha. Wa tatu, wa nne, wa tano. Mara akasikia nyuma yake mapovu yakifumka kama uji jikoni. Mlingoti alikuwa anacheka, barakoa imejaa maji, anaonyesha kwa mkono kwamba wapande juu.

Mashuani Mlingoti alishindwa kusema kwa kicheko. "Ni... ni mmoja!"

"Mmoja nini?" mwalimu akauliza.

"Chewa! Kitindamimba hapa, mapezi yake yanakwangua mchanga, vijidudu vinaruka, bwana mkubwa chewa anakula nyuma yake kwa raha zake. Akisimama kuandika, chakula kinakatika. Chewa anazunguka jiwe, anakuja mbele kumtazama, vipi mpishi, mbona umelala? Na huyu anamwandika!"

Mwalimu alicheka mpaka akashika ukingo wa mashua. Kisha akamgeukia Kitindamimba. "Nisamehe, binti yangu. Wewe si mwongo. Ila unapiga mapezi kama mtu anayetwanga."

Kitindamimba hakuwahi kufurahi hivyo kwa kuambiwa hajui kazi. Mapezi yanafundishika! Juma zima alilala kifudifudi juu ya benchi la bwenini akirusha miguu kama chura, huku Mlingoti akimsahihisha na kumcheka, na kumcheka ndiko kulikozidi.

Mwalimu akampa nafasi nyingine. Safari hii mchanga ulitulia. Chewa alikuja, akamzunguka, akakuta meza haijaandaliwa, akaenda zake amenuna. Juu mashuani mwalimu aliviweka vibao viwili kandokando, akavisoma taratibu mpaka Kitindamimba akataka kujitupa tena majini.

"Zinalingana," mwalimu akasema. "Kuanzia kesho unazamia na kikosi cha utafiti."

Alimpigia mama yake nguo za kuzamia zikiwa bado zinamchuruzika maji.

"Mama! Chewa ni mmoja!"

Mama akaitupa kazi iliyokuwa mkononi, akapaza sauti karakana nzima isikie. "Mwanangu kaona samaki mmoja!"

"Mmoja?" mteja alisikika akishangaa. "Kuvuka bahari kote huko, samaki mmoja?"

"Mmoja," mama akajibu kwa madaha. "Na ni wa kweli."