Mabakuli ya Njano Kilimani

Marehemu mume wangu Hashimu aliniachia mizinga ya nyuki, ukame ukaimaliza mmoja mmoja mpaka ukabaki ule wa juu ya mgunga, kando ya korongo. Watu wakaniambia, Tabu, ligeuze hilo gogo kuni, nyuki wamekwisha. Nilijua wamo, kwa sababu nilikuwa nawanywesha mwenyewe.

Kunywesha nyuki tulikuzoea. Kiangazi kikikaza huku milimani Kondoa, nyuki asiyepata maji huhama. Hashimu alikuwa akikata dumu la njano la mafuta ya kupikia, anaweka kokoto ndani ili wapate pa kusimama, kisha anajaza maji. Mwaka nenda, mwaka rudi, dumu ni la njano tu, na nyuki wakaizoea rangi hiyo. Nikitokea nalo walinifuata kabla sijalitua. Baada ya arobaini ya Hashimu, nyumba ikiwa kimya, hao ndio waliokuwa wakinipokea. Niliwapenda, na sioni aibu kusema.

Mwezi wa kumi akaja Emiliana, mtafiti wa wadudu kutoka chuo kikuu huko Dodoma. Binti mpole, shikamoo yake inakufika kabla yeye hajafika. Alitaka kujua ni aina ngapi za wadudu zimebaki kilimani baada ya miti kukatwa miaka mingi. Alimuuliza mwenyekiti wetu wa kitongoji, Abubakari, kama kuna mizinga karibu. Abubakari, kwa ujuaji wake, akamwambia mizinga ya Hashimu ni magogo matupu. Basi binti akapanga mabakuli yake kilimani, madogo, ya njano, yenye maji na tone la sabuni. Mdudu huona njano akadhani ni ua. Akitua, sabuni humzamisha. Ndivyo wanavyowapata ili wawahesabu.

Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni alikuja.

Kesho yake nilipanda na dumu langu, sikupokewa na hata mmoja. Nililigonga kama Hashimu alivyokuwa akiligonga. Kimya. Nikasikia mtu analia nyuma ya kichaka. Emiliana alikuwa amepiga magoti mbele ya bakuli lililojaa nyuki hata maji hayaonekani, na mabakuli mengine vivyo hivyo.

“Mama, sijui imekuwaje,” alisema. “Nyuki wa asali hawaingii wengi hivi.” Kisha akaliona dumu mkononi mwangu, akalitazama bakuli, akaelewa kabla yangu. “Unawanywesha kwenye hilo?”

“Miaka yote.”

Akajifunika mdomo. Nami damu ikanichemka.

“Hukuniuliza mimi! Umekwenda kumuuliza Abubakari, mtu ambaye hata mgunga huo hajawahi kuukwea!”

Aliyakusanya mabakuli yote, akawamwaga wadudu kwenye sahani nyeupe. Nilikaa kwa sababu nilitaka kuwaona wangu. Lakini katikati yao walikuwamo wengine: nyigu wenye viuno kama uzi, nzi waliojipaka mistari wajifanye nyuki, mbawakawa wadogo kama punje za ulezi. Akanipa kioo cha kukuzia, akanionyesha mmoja wa kijani aking'aa.

“Huyu naye ni nyuki, mama. Hana mzinga wala malkia. Kila jike huchimba shimo lake ardhini, analea peke yake.”

“Anaitwaje?”

“Sijui bado. Huenda hajapewa jina.”

Nilimtazama huyo kuliko wote. Miaka yote nilidhani kilima hiki kimekufa, kimebaki na nyuki wangu tu. Moyo uliniuma kwa ajili yake pia, na hasira haikuondoka.

Akanieleza kwamba huchukua wachache wa kila aina, huwachoma pini, huwaandikia mahali na tarehe walipopatikana.

“Na hawa wangu?”

“Wakizidi, huwa tunawatupa.”

“Hawa hawatupwi.”

“Sitawatupa, mama.”

Nikamuuliza kama waliobaki mzingani wataishi. Hakunidanganya. Waliokufa, alisema, ndio waliokuwa wakichota maji na kutafuta chakula. Waliobaki ni wachanga, hawajajua kutoka. Tukiwapelekea maji huko huko juu, labda.

Aliiweka kando kazi yake. Tuliegemeza ngazi kwenye mgunga, tukatundika kitambaa kibichi mdomoni mwa mzinga, asubuhi na alasiri, na pembeni kisahani cha maji ya sukari. Wakubwa wake walimpigia simu wakitaka matokeo, nikamsikia anajibu, “Bado.” Niliona ni mtu mwema. Nilimwonea huruma na kumkasirikia kwa pamoja.

Joto halikupungua. Asubuhi moja nikakuta msururu wa sisimizi unapanda shina, nikajua. Emiliana alifungua mfuniko. Masega yalikuwa yamelegea, majana, watoto wa nyuki, yamekauka, na malkia alikuwa amelala chini, amekufa, na vinyuki vichache vimekufa vikiwa vimemzunguka.

“Nisamehe, mama.”

Nilirudi nyumbani, nikalia mpaka adhuhuri.

Alasiri nilipanda tena. Alikuwa ameshakunja hema lake, mabakuli ameyapanga ndani ya ndoo.

“Unakwenda wapi?”

“Narudi Dodoma, mama. Siwezi kutega tena hapa.”

“Wale wadogo wa kijani, umeshajua wako wangapi?”

Akatikisa kichwa. Niliishika ndoo, nikamwekea miguuni.

“Basi tega. Hakuna tena wa kwangu atakayekuja.”