Majibu Aliyokaririshwa

Mwanasheria alimwomba binti atoke nje.

"Mimi tena?" binti akacheka kidogo. "Mimi ndiye namlea. Bila mimi hata jina lake hulipati."

"Nitajaribu bahati yangu," mwanasheria akasema, akafungua mlango, akangoja. Binti akamkonyeza mama yake, akatoka.

Mama akabaki kitini. Alikuwa fundi cherehani. Mtaa mzima alikuwa ameushonea, magauni ya harusi na sare za shule, lakini tangu mwaka jana akili ilikuwa ikimponyoka. Asubuhi moja alipotea njia ya kurudi kwake mwenyewe. Ndiyo maana wamekuja hapa: achague, angali anajua kuchagua, ni nani atakayemwamulia mambo yake siku akili ikimtoka kabisa.

Binti alikuwa amemkaririsha majibu wiki nzima, akimsuka nywele. Akikosea, unywele ulivutwa. Si kwa nguvu. Kidogo tu.

"Shikamoo, mama," mwanasheria akasema. "Umeamkaje?"

"Nina watoto wawili, mmoja yuko mbali."

Kalamu ya mwanasheria ikasimama. "Na hapa mmefika kwa miguu?"

"Namtaka binti yangu mkubwa, ndiye anayenijua."

Mama akajisikia mwenyewe, akashtuka. Hata salamu hakuitikia! Sasa huyu mwanamke ataandika kwamba nimekwisha, akawaza. Akiandika hivyo binti atapewa kila kitu, nami sitaulizwa tena. Na binti akipewa, mlango wa chumba hautafungwa kwa nje wakati wa kwenda sokoni tu. Utafungwa kutwa.

Binti hakuwa mtu mbaya. Alimwogesha, alimlisha. Lakini alifunga, "usije ukapotea, mama." Siku moja mama aligonga mpaka mkono ukavimba. Binti aliporudi alimkanda kwa maji ya moto, akamwambia kwa upole, "Hakuna aliyegonga, mama. Umeota." Tangu siku hiyo mama hakujua tena lipi ni ndoto.

Mwanasheria alisogeza kiti chake karibu. "Hayo umefundishwa, mama. Usiogope, wengi huja hivyo. Yatupe. Niambie tu, ukikosea kitu, nani hukwambia umekosea?"

Mama akatazama mlango. Chini yake vilionekana vivuli vya miguu miwili, vimetulia tuli. Akashusha sauti.

"Wifi yangu. Dada wa marehemu mume wangu."

"Mnapatana?"

"Tunapatana wapi! Ana mdomo kama pilipili. Siku ya harusi yangu alisema nimejishonea gunia. Juzi nimeshona mkono wa kulia kwenye bega la kushoto, akacheka mpaka akakaa chini. 'Fumua, we bibi! Unataka mteja atembee kama kaa?' Nikafumua. Tukagombana mpaka chai ikapoa."

"Na binti?"

"Binti huninyang'anya nguo. Pumzika, mama, pumzika." Mama akatazama tena mlango. "Wifi hugombana na mimi. Mtu hagombani na maiti."

Mwanasheria alitabasamu, kisha tabasamu likamtoka. Akaeleza taratibu maana ya kumpa mtu mamlaka hayo, akamtaka mama arudie kwa maneno yake mwenyewe. Mama akarudia: wifi ataamua, lakini baada tu ya daktari kusema mama hawezi tena. Mlango usifungwe. Cherehani isiuzwe. Mwanasheria akayaandika kwenye hati, mama akatia sahihi.

"Na ukibadili mawazo, ungali na akili zako, unaweza kuja kuifuta wakati wowote," mwanasheria akasema. "Ni haki yako."

Mama akainua macho kutoka kwenye hati.

"Wakati wowote?"

"Wakati wowote."

"Basi binti atanirudisha," mama akanong'ona. "Wiki ijayo atanileta hapa nimekariri mengine, na nitayasema vizuri kuliko leo."

Mwanasheria akaweka kalamu chini.

"Mpigie wifi," mama akasema. "Aje anichukue hapa hapa, nikakae kwake. Mimi siinuki."

Mwanasheria akachukua simu. Kabla haijaita, mlango ukagongwa taratibu.

"Mama? Umemaliza, mama yangu? Twende nyumbani."

Mama akakamata kiti kwa mikono yote miwili.

"Bado," akasema. Sauti ilitoka ndogo mno, ikambidi aseme tena.