Ndimu Ndiyo Huanza

Hana macho, ukimbana analia. Ni ndimu. Katika nyumba hii ninayoisimulia, kitendawili hicho kilikuwa kimetegwa mara nyingi hata kuta zingeweza kukijibu, maana mume alikuwa mpishi, mke fundi cherehani, na wote wawili walipenda kutegana.

Mume walimwita Bwana Pua. Si kwamba alikuwa na pua kubwa. Ilikuwa ya kawaida tu, tena imelala kidogo. Jina alipewa na wenzake wa jikoni hotelini, kwa sababu samaki aliyeanza kuharibika alimjua tokea mlangoni, kapu halijatuliwa. "Huyo wa chini kabisa, mrudisheni kwao," angesema, na wakifukua wanamkuta kweli, macho yamezama. Hakuna kilichoingia kikaangoni bila kupita chini ya pua hiyo. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake hasa. Kukaanga wanajua wengi.

Kisha yakaja mafua ya kumlaza kitandani. Yalipoondoka, yaliondoka na harufu zote. Sabuni, moshi, jasho lake mwenyewe, vyote vikawa hewa tupu. Daktari alisema huenda zikarudi, huenda zisirudi, akamwita mgonjwa mwingine.

Mke ndiye aliyebuni dawa. Kila jioni alimfunga mumewe macho kwa kipande cha kitambaa kilichobaki cherehani, akamsogezea kitu puani.

"Kitendawili."

"Tega."

"Huyu ni nani?"

Jioni za mwanzo mume alinusa bure mpaka kitambaa kikalowa machozi. Mke hakuweza kuvumilia kukiona kitambaa kile. Ndipo akaanza kusaidia, kidogo tu. Ndimu akawa anaitanguliza kila siku, anaiminya tone limdondokee mdomoni. Kitunguu saumu akakishika na maganda yake yanayochakarika. Kahawa akaileta na kopo lake, linacheza.

"Ndimu," mume akasema. "Kitunguu saumu. Hiyo kahawa."

"Umepatia, baba. Umepatia zote."

Mtu mzima akadanganywa na ulimi na masikio yake mwenyewe, akadhani ni pua. Na mke akajiambia kwamba si uongo, ni mkongojo. Mguu ukipona, mkongojo tutauweka kando. Ila mguu haukupona, na mkongojo ukazoeleka.

Mpaka siku ile mkuu wa jiko la hotelini alipopiga simu: kuna mkutano wa walimu, ukumbi mzima, kama pua imerudi kesho aje. Bwana Pua akajibu imerudi.

Joto la siku hiyo lilikuwa la kumfanya mtu achukie nguo zake. Umeme ulikatika asubuhi, ukarudi jua linazama. Mke alipotoka kibandani kwake, gauni limemganda mgongoni, alimkuta mume jikoni, amevaa aproni yake ya kazini, safi, imenyooka. Jioni za joto namna hiyo alikuwa na chakula chake kimoja: kamba wa baharini kikaangoni, kwa ndimu na chungwa. Moto unawashwa na kuzimwa kabla nyumba haijapata habari.

"Karibu, mama. Leo unakula kwa mpishi mwenye kazi."

Mke hakuingia. Harufu ilikuwa imempokea mlangoni, ya bakuli la vichwa na magamba lililokaa kando ya sinki. Ilikuwa kali, ya kuchoma macho, kama choo cha stendi, na chini yake kitu kitamu kilichokufa.

"Hao umewanunua lini?"

"Alfajiri. Nikawatia kwenye friji."

"Na umeme umekatika kutwa."

"Najua. Ndiyo maana nimewanusa mmoja mmoja." Akacheka. "Usinitolee macho. Wazima kabisa. Wananukia maji ya chumvi."

Akatia siagi kikaangoni, na kitunguu saumu. Dirisha la nyumba ya pili likafunguka, na jirani waliyemwita Redio, kwa kuwa hazimiki, akapaza sauti.

"Jirani, mnatutesa. Harufu hiyo mtatuua na njaa."

"Lete sahani," Bwana Pua akajibu, uso unang'aa.

Ni chakula kisichompa mtu nafasi ya kufikiri. Mke alisema moyoni, nitamwambia akimaliza kuwapanga. Mume akawapanga kwa duara kama namba za saa, kamba wa kwanza juu kabisa. Mke akasema, nitamwambia akiwageuza. Mume akawageuza kwa mpangilio uleule, na migongo yao ikawa myekundu, mizuri ya kupigwa picha. Moto ukazimwa. Ndimu ikaminywa, kisha chungwa, mwisho, kama alivyowafundisha vijana wote wa hotelini, maana ndimu ikipikwa inakuwa chungu ulimini. Sahani mbili zikawa mezani.

"Kesho walimu watakula hivi hivi," akasema. "Ukumbi mzima."

Mke alishika kiti. "Tutegane kwanza."

"Chakula kinapoa."

"Kimoja tu, baba."

Akamfunga kitambaa. Akalichukua lile bakuli la vichwa polepole, gamba lisigonge gamba, akalileta chini kabisa ya pua ya mumewe. Yeye mwenyewe alibana pumzi.

"Kitendawili."

"Tega."

"Huyu ni nani?"

Bwana Pua alivuta pumzi ndefu, kifua kikapanda. "Ndimu."

Mke aliliinua bakuli kidogo.

"Sijapatia?"

"Vuta tena."

Akavuta tena. "Ndimu. Si ndimu ndiyo huanza?"

Alipolisema hilo akajisikia mwenyewe. Tabasamu lilibaki usoni kidogo, kama mgeni ambaye hajaambiwa kwamba wenyeji wamehama. Kisha akavua kitambaa, akaviona vichwa, na vijicho vyake vyeusi.

"Wameoza?"

"Wameoza."

"Na hawa wa kwenye sahani?"

"Wote, baba."

"Na zile jioni zote?"

"Nilikuwa nakusaidia."

"Ulikuwa unanisaidia." Alilisema kama anayesoma kibao cha duka lililofungwa.

"Hawa wa hapa ningewala nikanyamaza," mke akasema. "Wa kesho ningewazuiaje?"

Bwana Pua alichukua kamba mmoja, akampeleka mdomoni. Mke akampiga mkono, kamba akadondoka chini ya jiko.

"Niache nijue mwenyewe."

"Utajua nini? Utaumwa tumbo. Kujua hutajua."

Hapo ndipo alipokaa. Baadaye aliinuka, akawamwaga wote kwenye mfuko, akaufunga mafundo mawili. Akampigia mkuu wa jiko, akasema pua haijarudi. Akasikiliza, akasema asante, akaivua aproni na kuikunja ndogo, ikawa ndogo zaidi, mpaka haikunjiki tena.

"Jirani," Redio akaita dirishani, "sahani yangu hii hapa."

Mke akalivuta pazia.

Walikula mkate mkavu. Joto lilikuwa halijashuka, na nyumba nzima ilinuka, ila aliyeusikia uvundo alikuwa mmoja tu. Bwana Pua aliiminya ndimu iliyobaki juu ya kipande chake, akatafuna. Ulimi ulimwambia ni chachu, ukaishia hapo.

"Kitendawili," akasema.

"Tuache leo, baba."

"Kitendawili."

"Tega."

"Ana pua, hanusi. Ana mke, hamwamini."

Mke jibu alikuwa nalo, limekaa mbele yake, mkono umeshika ganda la ndimu. Lakini angelitamka vipi?

"Nimeshindwa," akasema.

"Nipe mji."

"Mji gani?"

"Wowote. Ila uwe ambao watu wake hawapiki."

Mke akaipitia miji yote aliyoijua, na mingine aliyoisikia tu kwa wateja wake, huku mume akingoja. Hakuupata.