Kondoo wa Nne

"Wa tatu, Amparo. Taratibu, mwanangu."

Hivyo ndivyo alivyosema Mjomba Refugio, na nilimsikia vizuri kabisa. Naanza na hilo nisije nikatafuta pa kukimbilia.

Nilikuwa nimesimama, bunduki begani, jasho likinichoma macho. Mita mia tano mbele walisimama kondoo wa chuma, shabaha zetu. Walikuwa watano, wawili wa kwanza nilikwisha waangusha. Nikiangusha wawili katika hao watatu waliobaki, naingia timu ya jimbo letu la Sonora. Klabu yetu iliruhusiwa kupeleka jina moja tu kwenye mchujo, na jina hilo lilikuwa la mjomba, mpaka aliposema wamwandike mpwa wake, yaani mimi. 

Katika mchezo wetu mtu hapigi kondoo amtakaye. Unaanza kushoto unakwenda kulia, mmoja baada ya mwingine. Ukimruka mmoja, hata ukimwangusha anayemfuata kwa ufundi wa namna gani, umekosa. Hata watoto wanajua.

Kuhusu darubini ya bunduki, mjomba alikuwa na neno moja: ikuze mara kumi, basi. Yangu ilikuza hadi mara ishirini na nne, na ndiyo sababu niliinunua. Alinicheka siku ile ile. "Ya nini yote hiyo? Unataka kuwahesabu kupe? Kwenye kumi unawaona kondoo. Kwenye ishirini na nne unaiona hofu yako."

Asubuhi, kwenye kuku wa chuma, nilitumia kumi, nikaangusha wanne. Nabor, mpinzani wetu wa mji wa Caborca, akapaza sauti: "Ee dada, umepiga, au upepo umekuonea huruma?" Watu wakaangua kicheko. Nami nilicheka, lakini neno lile liliniingia. Ilipofika zamu ya kondoo, mjomba akiwa ameinama kuweka sawa darubini yake ya miguu mitatu, ile ya kunielekezea shabaha, niliizungusha pete ya kukuzia ya darubini yangu hadi mwisho. Nilitaka uhakika. Mama yangu! Msalaba wa kulengea ulirukaruka juu ya kondoo kama nzi juu ya nyama. Wale wawili wa kwanza walianguka kwa bahati tu.

Risasi ya pili ilinisukuma bega. Niliporudisha jicho, joto lilikuwa likichemka juu ya ardhi, na ndani ya kiduara cha darubini niliona kondoo wawili basi. Nikampiga wa kushoto, nikidhani ndiye wa tatu. Akaanguka. Mlio wa chuma ulitufikia baadaye kidogo, safi kabisa, na hakuna aliyeshangilia.

"Huyo ni wa nne," alisema mwamuzi. "Umekosa."

Hesabu yangu ikafia hapo: wa tatu nimemruka, wa nne hahesabiwi, amebaki mmoja tu. Mjomba alinisogelea.

"Ulikuwa kwenye ngapi?"

Vidole vyangu vilikuwa vimekwisha irudisha pete.

"Kumi, mjomba."

Akaiangalia darubini, akaniangalia mimi. Kwenye kumi kondoo wote watano wanaonekana kwa pamoja, mtu hapotei. Midomo yake ikacheza, kama anayejaribu kuyasikia tena maneno yake mwenyewe. Kisha akawaendea wenzetu, waliokuwa mbali nyuma ya kamba, masikio wameziba.

"Msimlaumu binti," alisema. "Nadhani ni mimi niliyemwambia wa nne."

Hakuna aliyeweza kumbishia, isipokuwa mimi. Niliona haya, niliogopa, nikanyamaza.

Tangu hapo hakusimama tena nyuma ya mpiga shabaha. Walimbembeleza sana. "Kichwa changu hakijui tena tatu na nne," aliwajibu. Akaacha kuendesha gari, akaacha kucheza domino. Mwaka uliofuata mkewe alilia, akaniomba nimpeleke kwa daktari, mjini Hermosillo. Daktari akamuuliza siku, mwezi, majina ya ndugu zake, akamhesabisha kinyumenyume kutoka mia. Hakukosea hata moja.

"Mzee, uko mzima," daktari alimwambia.

Mjomba alishukuru kwa adabu zake zote, akavaa kofia. Tulipokuwa tunashuka ngazi alinishika mkono.

"Daktari mwema yule," alisema. "Ananifariji tu."

Nikamwambia ashike ukuta vizuri, ngazi zinateleza.