Waya wa Silinda ya Tatu

Taa ya injini iliwaka kwa mara ya tatu Alhamisi asubuhi, kwenye mwinuko wa Makindye jijini Kampala, basi dogo likiwa na watoto saba wa shule. Injini ilitetemeka, ikaishiwa nguvu, na gari likaanza kurudi nyuma kuelekea lori la matofali. Kidega, mwenye basi, aliwahi breki ya mkono. Kati ya basi na lori ikabaki nafasi ya kupita mtu mmoja.

Aliwatafutia watoto gari jingine, kisha akalisogeza lile basi polepole hadi gereji ya Rukiah. Rukiah alikuwa amemzoea askari huyu mstaafu kwa sauti yake ya gwaride. Leo Kidega alizungumza chini chini.

"Safari hii petroli nimeijaza mwenyewe, kituo nilichokichagua mwenyewe. Masinde hayumo. Haya, niambie, fundi."

Rukiah alifungua boneti. Mara ya kwanza taa ilipowaka, alikuwa amebadilisha plagi zote na koili moja iliyokufa, ile inayoipa umeme plagi ya silinda ya tatu. Taa ikazimika siku nne. Iliporudi, kompyuta yake ya kusomea hitilafu ilitaja silinda ileile. Siku hiyo magari matatu yalikuwa yakimsubiri, na yeye akasema, "Labda petroli imechanganywa na mafuta ya taa." Akamwaga tangi, akafuta hitilafu, basi likaondoka. Lile neno "labda" Kidega hakulisikia. Kesho yake alimfukuza Masinde, dereva wake wa miaka sita, mbele ya madereva wenzake kule kituoni Kamwokya, akimwita mwizi wa petroli.

Rukiah alichomeka kompyuta. Silinda ya tatu.

Alihamisha koili ya tatu akaiweka ya kwanza. Hitilafu ilibaki palepale. Akahamisha plagi. Bado. Akasimika bisibisi ndefu juu ya nozeli inayopulizia petroli, akaegemeza sikio kwenye mpini. Nozeli iligonga vizuri, tik tik tik, kama zile nyingine.

"Afande, kaa kwenye usukani. Kanyaga breki kwa nguvu, tia gia, kisha ongeza mafuta kidogo."

Injini ikainama upande mmoja kama inavyoinama gari likipanda mlima, na papo hapo ikaanza kukohoa. Kidega alipoachia mafuta, ikatulia.

"Tena."

Ikakohoa tena. Rukiah alimwambia azime. Akaingiza mkono nyuma ya injini, akaufuata waya wa koili kwa vidole, sentimita kwa sentimita, mpaka ukapotea chini ya kibano cha chuma. Akamulika tochi. Waya ulikuwa umebanwa. Ganda lake lilikuwa limekatika na shaba ilionekana. Kila injini ilipoinama, shaba iligusa chuma.

Kibano kile alikifungua yeye siku ya plagi. Akakifunga yeye.

Boneti ilikuwa juu, na kutoka kwenye usukani Kidega hakuweza kuona kitu. Waya ungefungwa kwa dakika kumi. Angeweza kusema umezeeka, na nani angemuuliza zaidi?

"Umepata?" Kidega aliita.

Rukiah aliiacha tochi ikimulika waya.

"Njoo uone, Afande."

Alimwonyesha. "Waya huu niliubana mimi, nilipobadilisha plagi. Petroli haikuwa na tatizo. Masinde hakukosa lolote."

Kidega aliutazama waya, kisha akamtazama yeye. "Watoto saba," alisema. Halafu: "Na mtu nimemtangaza mwizi."

"Kwa maneno yangu."

"Kwa mdomo wangu. Tengeneza. Kisha twende wote."

Rukiah aliunga waya, akaufunika vizuri, akaupitisha mbali na kibano. Walipanda ule mwinuko mara tatu, Rukiah akiikodolea macho dashibodi. Taa haikuwaka. Wakaelekea Kamwokya.

Masinde alikuwa akiosha gari la mtu mwingine, suruali imekunjwa hadi magotini. Aliposikia yote, hakuacha kuosha.

"Nilitukanwa wenzangu wakisikia," alisema. "Mnataka kuniomba radhi hapa, kwenye povu?"

Basi Rukiah akatembea hadi walipokaa madereva, kama kumi hivi. Akajitaja jina na gereji yake, akaeleza alivyoubana waya na alivyosingizia petroli. Mmoja wao aliguna. Mwingine akasema huyo si fundi. Kidega akavua kofia, akasimama kando yake, akasema kwamba mwizi hakuwepo, kwamba yeye alikosea, na kwamba kazi ya Masinde bado ipo akiitaka.

Masinde alikuja akifuta mikono. "Fungua boneti," alimwambia Rukiah.

Aliinama akautazama waya ule kwa muda, akauvuta kidogo kwa kidole kuona kama umeshika.

"Kazi nitakujibu Jumatatu, Afande," alisema. "Leo gari la watu linakauka na sabuni."

Akarudi kwenye ndoo yake.