Bandari ya Kalembe

Mwalimu Sébastien alikuwa amefundisha Kiingereza pale Kalembe miaka kumi na minne bila kukutana na Mwingereza hata mmoja, na jambo hilo lilimpa amani kubwa, kwa kuwa hapakuwa na wa kumsahihisha. Wanafunzi wake walijua kusema meli iko bandarini, kwa matamshi ya mwalimu wao, ingawa mwalimu mwenyewe hajawahi kuiona bahari. Ziwa Kivu alilitazama mara mbili tu, pale Sake, na mara zote mbili mvua ilikuwa inanyesha.

Amani hiyo iliisha Jumanne moja, mama wa Kiingereza alipofika na gari la shirika lake kuuliza habari za watu waliokimbia vita. Mkalimani wake alikuwa ameachwa njiani, tumbo limemchafuka. Shefu Gustave, mkubwa wa kijiji, akawakusanya watu kwenye uwanja wa shule, akamsukuma Sébastien mbele.

"Huyu njo Muingereza wetu," akasema.

Salamu zilipita salama. Kisha mgeni akauliza swali refu, na katika urefu wake wote Sébastien alishika neno moja tu: harbour. Mfa maji hukamata maji. Neno hilo alilijua vizuri, alilifundisha kila mwaka. Akawageukia watu na kuwaambia kwamba mama huyu anataka kujua nani kati yao ana bandari, yaani mahali pa kufungia mitumbwi.

Watu wakatazamana. Kalembe ni vilima, mihogo na matope. Lakini shefu Gustave hakuwa mtu wa kuacha proje, yaani mradi wa msaada, ipite mlangoni pake bila kuidaka mguu, na tena alikuwa kweli na mitumbwi miwili ya kuvusha watu daraja linapochukuliwa na maji. Akasimama, akasema yeye anayo, na mitumbwi yake ni miwili; kwa Kiingereza cha Sébastien ikawa: anao wawili.

Mgeni akafurahi, akaandika. Akauliza wanalala wapi.

"Iko nalala ku mto, chini ya mianzi," shefu akajibu.

Hata mvua ikinyesha? Shefu akaeleza kwamba mvua ndiyo hasa wakati wa kuifunga kamba mbili, la sivyo maji yangeibeba. Na wakati wa kiangazi huipindua chini juu, jua lisiipasue. Sébastien akatafsiri yote, tena kwa majivuno, maana maneno yalikuwa yanamjia bila shida. Kalamu ya mgeni ikasimama. Akauliza kwa sauti ndogo kama kuna waliokufa. Sébastien akawaza: kama gari hufa, mtumbwi nao utakosaje kufa? Akapeleka swali. Shefu akasema ndiyo, mmoja, mwaka jana, ulioza ubavu, na mke wake akaupasua kuni za kupikia maharagwe.

Mgeni akalifunga daftari lake.

Mama Joséphine-Marie, mjane aliyeketi mstari wa mbele, hakujua Kiingereza, ila nyuso alijua kuzisoma. "Mwalimu," akasema, "ule mama anataka kulia. Umemuambia nini?"

Jasho likamtoka Sébastien. Angeweza kuendelea, kinywa cha mwalimu ni kigumu kusema sijui. Lakini uso wa mgeni ulimtisha. Akatoa mfukoni mwa begi ile diksionere, kamusi nene aliyoachiwa na padri mmoja, isiyo na jalada, akaifungua mbele ya watu wote. Harbour: bandari, ndiyo. Lakini chini yake: kumpa mtu mahali pa kujificha, kumhifadhi. Na chini kabisa, kwa herufi kama mayai ya chawa, asili yake: neno la kale lililoungwa na mawili, jeshi na hifadhi. Mahali askari wanapolala. Meli zilikuja baadaye sana, na hata ile auberge ya Wafaransa, nyumba ya wageni, ilitoka katika shina hilohilo.

Akawasomea yote. "Nimekosea," akasema. "Hakuuliza mitumbwi. Aliuliza nani analalisha kwake batu benye kukimbia vita."

Kisha akamweleza mgeni kwamba wale waliofungwa kamba walikuwa mitumbwi ya mti, si watu. Mgeni akamtazama, akamtazama shefu, akacheka mpaka akashika meza. Masikio ya Sébastien yaliwaka moto.

Joséphine-Marie hakucheka. "Kama njo ile, basi harbour ni mimi. Aandike. Niko na batu kenda mu nyumba ya vyumba mbili." Hao walikuwa Muhawenimana, aliyekimbia Nyamitaba, pamoja na watoto wake saba na mama mkwe wake, Nyiransabimana. "Na ile ya jeshi pia aandike. Askari walilala kwangu juma mbili, wakakula kuku yote mpaka jogoo, na siku ya kuondoka wakashukuru Mungu. Mimi hawakunishukuru."

Watu wakaangua kicheko, kisha kikapungua upande mmoja baada ya mwingine, maana karibu kila mmoja alikuwa na kuku wa namna hiyo.

Mgeni akasema mchana atapita nyumba kwa nyumba kuandika wanaohifadhi wakimbizi, ili wasaidiwe. Hapo shefu akaingiwa na wasiwasi. Nyumba yake ilikuwa na mabati na vyumba vitatu vitupu, lakini hakuwa na mkimbizi hata mmoja. Akamshika Sébastien mkono, wakaenda kwa Joséphine-Marie, akaomba kuazimwa Muhawenimana na watu wake, kwa mchana ule tu.

Muhawenimana alikuwa anatwanga sombe, majani ya mihogo. Akauliza kama mabati yanavuja. Alipoambiwa hayavuji, akafunga mikeka, sufuria na kila kitu, na Sébastien akajikuta amebeba kigoda cha bibi Nyiransabimana. Mgeni akapita, akahesabu, akaandika, akaenda zake. Jioni shefu alisimama mlangoni akingoja waondoke. Muhawenimana alikuwa anawasha moto.

"Papa Shefu," akasema kwa upole, "umeandikisha jina yangu kwako mbele ya batu. Nikitoka, watakuita muongo."

Baada ya miezi miwili maturubai na majembe yalifika, yakagawanywa kwa orodha ile. Sébastien sasa hufungua diksionere kabla ya kufungua kinywa. Joséphine-Marie, juma la kwanza baada ya wageni wake kuhama, alilala amenyoosha miguu. Juma la pili alimlalamikia Sébastien kwamba nyumba imenyamaza kama kanisa siku ya Jumatatu, akamwomba amsindikize kumrudisha walau bibi.

Walimkuta shefu ameinama juu ya ubao wa kisoro, mchezo wa bao, mbegu zake zimebaki tatu, na Nyiransabimana mbele yake anasubiri kwa uvumilivu. Shefu akakataa bila kuinua kichwa. Hajamshinda huyu bibi hata mara moja, akasema, na mpaka amshinde, hatoki.

Bibi akachukua zile mbegu tatu.